Kuanika Meno Kabuta

Kabuta, tarehe 19 mwezi wa sita, 2025

Yaya Brigitte, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwangu. Soma tena, polepole: nyumbani kwangu! Vyumba viwili, mabati mapya, na dirisha linaloangalia ziwa. Asubuhi nikilifungua naona mutumbwi wa bwana yangu kati ya mitumbwi yote, na moyo unaruka kama samaki ndani ya ndoo. Usicheke. Ukiolewa na wewe utaona.

Mama na Papa kule kambi ya wakimbizi ya Mantapala ni wazima. Mihogo ilitoka vizuri. Papa bado analalamika goti, lakini siku ya ndoa yangu goti hilo lilicheza hadi jua kuzama. Mama anauliza unakula nini huko Lubumbashi, maana kwenye picha uliyotuma umebaki shingo tu. Uliikosa ndoa juu ya kazi, na sikukasirika. Nilikasirika siku mbili, kisha nikaacha.

Sasa nikuambie juu ya Webby. Yeye ni Muzambia wa hapa hapa ziwani, na Kiswahili chake ni kile cha kuuzia samaki. Hana maneno ya mapenzi, iko na maneno ya bei tu. Basi jioni anarudi, ananuka chisense, wale dagaa wa ziwa letu, kutoka kichwa hadi miguu, ananiangalia, anasema: «Wewe, hata wakileta pesa ya Kongo na ya Zambia pamoja, siuzi.» Yaya, nani mwingine duniani amewahi kuambiwa neno tamu kama hilo?

Utauliza kwa nini ninaandika kwenye karatasi kama watu wa zamani. Simu iko moja, ni yetu sisi wawili, na Webby anapenda kujifunza Kiswahili. Kila ujumbe anausoma kwa sauti. Ule wa sauti anauweka juu kabisa, na majirani wote wanasikiliza. Kwa hiyo barua hii inapita kwa Dorica, mama yule anayevusha chisense hadi Kilwa, upande wa Kongo, na kupanda lori kuja kwenu. Amekubali kuificha kati ya mifuko yake.

Neno lenyewe ni hili. Unayajua meno yangu na mistari yake ya kahawia. Siku ya ndoa sikuwa na wasiwasi, maana kwetu bibi arusi hacheki, wala bwana arusi, picha zote watu wanakuwa kama wako kwenye kilio. Mimi nilikuwa bibi arusi mwenye adabu kuliko wote, kwa sababu kufunga mudomo ndiyo kazi yangu tangu darasa la tatu. Lakini siku ya pili Webby akaniambia: «Ndoa imekwisha, sasa cheka.» Nikaogopa. Nikamujibu kwamba kwa sisi Baluba bibi arusi hacheki kwa meno hadi miezi sita.

Alikubali! Akaenda kumuambia mama yake, BanaWebby, na BanaWebby akafurahi sana, akasema desturi nzuri kama hiyo haiwezi kupita bila chakula. Miezi sita inaisha Jumapili tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, na kesho yake uvuvi unafungwa, nyavu zote zinatoka majini, wanaume wote wanakuwa nyumbani. Amekwisha kuwaambia akina mama wa kanisa. Wanaiita Siku ya Kicheko.

Yaya, wewe unafanya kazi kwa daktari wa meno. Nimesikia iko taa inayofanya meno kuwa meupe. Ni kweli? Inaweza kufanya kazi mbele ya tarehe 30? Nijibu upesi, na usimuambie Mama.

Mudogo wako mwenye furaha na hofu,
Joëlle


Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa saba, 2025

Joëlle,

Salamu. Mimi ni muzima, na shingo ni yangu, waache kuiangalia. Hapa ni baridi na vumbi. Umeme unakatika wakati mutu amefungua mudomo kwenye kiti, na mimi ndiye ninayeshika tochi. Daktari Mulumba anakupongeza kwa ndoa. Nilimuambia nina mudogo aliyeolewa na mutu asiyeuza, akacheka hadi akaweka sindano chini.

Mimi pia ni Muluba. Mama yangu na mama yako walinyonya ziwa moja. Hiyo miezi sita umeitoa wapi? Hata bibi yetu, aliyekuwa na desturi ya namna ya kushika mufagio, hakuwa nayo. Ungesema wiki moja, basi. Ungesema una jino bovu. Umewapa watu karamu!

Kuhusu taa, ni kweli. Dawa yenyewe ni peroksidi, ndugu ya yale maji yanayotoa povu ukiyatia kwenye kidonda. Inaingia ndani ya jino, inavunjika, na vipande vyake vinakata rangi vipande vidogo hadi jicho halioni rangi tena. Taa inaiharakisha. Siku hizi iko pia unga mweupe, dioksidi ya titani, ule ule unaotia weupe kwenye rangi ya ukuta. Wanatia kidogo sana ndani ya dawa. Daktari anauita kichocheo cha mwanga: unga wenyewe hauishi wala haugeuki, unashika mwanga na kuutumia kuivunja peroksidi, na hivyo dawa hafifu inaweza kufanya kazi ya dawa kali. Sisi tuna taa ya buluu inayokaribia zambarau, ndiyo rangi ambayo unga wetu unaisikia. Ni mwanga tu, mudogo wangu, hakuna uchawi. Hata jua liko na mwanga huo.

Kama iko kitu kwa ajili yako, nitauliza. Meno yako si ya chai wala ya tumbako, ni kitu kingine. Nipe wakati.

Umesema darasa la tatu. Nimeona.

Yaya wako,
Brigitte


Kabuta, tarehe 20 mwezi wa nane, 2025

Yaya wangu,

Salamu kwako na kwa Daktari. Sisi wote ni wazima. Papa amepata dawa ya goti. Webby amenunua kanga mbili, moja yangu na moja ya mama yake, na mimi ndiye niliyechagua kwanza! Juzi alikuwa Chisenga siku nne, na aliporudi alisema kisiwa chote hakina mutu wa kumunyamazia vizuri kama mimi. Alisema hivyo, «kunyamazia». Nilifurahi na nikaumia pamoja.

Ninaandika polepole kwa sababu mudomo wangu ulikuwa umevimba. Usikasirike mbele ya kumaliza.

Ulisema hata jua liko na mwanga huo. Yaya, hapa Kabuta tunaishi kwa jua. Chisense tunaianika, mihogo tunaianika. Vitambaa vyeupe vya meza ya kanisa akina mama wanavitia povu la sabuni na kuvitandika kwenye majani, na jioni vinaumiza macho. Nikafikiri: povu na jua. Ni kitu kile kile. Hapo Nchelenge iko saluni inayogeuza nywele kuwa za dhahabu, nikaomba dada wa pale anipimie peroksidi kidogo ndani ya kichupa. Hakuniuliza ni ya nini.

Nikangoja Webby aende majini. Nikaenda nyuma ya vichanja vya kuanikia samaki, nikalala juu ya mutumbwi wa zamani uliogeuzwa, nikapaka meno kwa pamba, nikashikilia midomo kwa vidole, nikafungua mudomo kwa jua la saa sita. Nilifikiri maji ya ziwa yatarudisha mwanga na nitakuwa na majua mawili. Iliwasha. Nikasema inawasha kwa sababu inafanya kazi. Nilihesabu hadi mia sita.

Nikasikia sauti juu yangu: «Wewe muke wa mwanangu, unaanika nini?»

Ni BanaWebby, na kikapu kichwani. Mimi siwezi kujibu, mudomo umejaa. Akainama, akachungulia ndani kama mutu anayetafuta sindano kisimani. Akasema: «Awe! Chisense tunaianika nzima, wewe unaanika kichwa tu?» Kisha akaona fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi, akaacha kucheka. Alinivuta kwa mukono hadi kwenye mutungi, akanilazimisha kusukutua maji safi mara kumi, ishirini, huku akinipiga mugongoni kama mutoto aliyemeza mufupa. Nilimuambia ni jino linauma.

Siku tatu nilikula uji baridi tu. Alinipikia yeye mwenyewe, na alimuambia Webby nina jipu. Ngozi ya fizi ilitoka, na sasa imerudi nyekundu. Lakini nikivuta hewa, meno yanalia hadi masikioni. Na rangi, Yaya, ni ile ile! Mistari yangu yote iko mahali pake.

Niambie ukweli. Nimeyaua? Yatadondoka? Na tarehe 30 iko palepale. BanaWebby amekwisha kuchagua mbuzi.

Joëlle wako


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa kumi, 2025

Joëlle, mutoto wa mama yangu mudogo,

Sitaanza na salamu. Hayatadondoka. Soma tena hadi uamini, kisha uendelee.

Nilimusomea Daktari barua yako, naye hakucheka. Ameniuliza maswali mawili: fizi zimefunga? Jino linauma lenyewe au kwa hewa tu? Kwa kuwa ni hewa tu, na fizi zimerudi nyekundu, anasema litapita lenyewe. Maji ya saluni ni makali na yana tindikali. Hayakutengenezwa kwa mudomo, na wewe hukufunika fizi. Jua nalo lilikuongezea joto na kukukausha. Kwenye kiti chetu tunafunika kila kitu isipokuwa jino lenyewe, na tunahesabu dakika. Usirudie. Kama yakiuma usiku bila hewa wala maji baridi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nunua dawa ya meno ya watu wenye meno mepesi kuuma, ninaituma pia moja kwa Dorica.

Sasa salamu: sisi wazima, na mvua ya kwanza imenyesha.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nikipima. Daktari alinipa meno sita tuliyoyang'oa kwa watu. Niliyaloweka kwenye chai nyeusi wiki mbili hadi yakawa kama mbao. Mawili nikayapaka dawa kali, moja chini ya taa, jingine ndani ya kopo lililofungwa. Yalitoka kama mapacha, Joëlle. Taa haikuongeza kitu ninachoweza kukiona. Mawili nikayapaka dawa hafifu: la kwenye kopo lilibadilika kidogo, la kwenye taa kidogo zaidi. Mawili ya mwisho, dawa hafifu na ule unga. Gizani unga ulilala, jino likabaki kama lile la dawa hafifu kwenye kopo. Chini ya taa lilikuwa jeupe hadi Daktari akavua miwani. Anasema meno sita si utafiti, na hata wenye vitabu wanabishana juu ya taa hizi. Lakini niliona kwa macho yangu: mwanga peke yake ni kidogo, unga peke yake si kitu.

Lakini hayo ni meno ya chai. Rangi yako haikutoka nje. Ulipokuwa mutoto na kifua, kule Pweto, walikupa ile dawa ya maji kwa miezi, na meno yalikuwa bado yanajengwa ndani ya fizi. Rangi ilijengwa pamoja nayo. Daktari anasema inaweza kupungua, kwa dawa hafifu, kwa miezi, akikuona mwenyewe. Pengine mistari ya chini haitaisha. Kwa tarehe 30 haiwezekani. Pole. Nilitaka sana kukuandikia neno lingine.

Na kwa nini nilikaa dirishani na meno ya watu kila muchana badala ya kula? Umeandika darasa la tatu, na hukuandika zaidi. Katika miaka yote hii hujawahi kulisema. Nitalisema mimi. Jina «Kutu» ni mimi niliyelianzisha. Si wale watoto wa viti vya nyuma. Nilitaka wakubwa wa darasa langu wacheke, wakacheka, na kesho yake shule nzima ilikuita hivyo. Nilikuona ukiweka mukono mudomoni, na mukono huo haujashuka hadi leo. Na ni mimi tena niliyekuandikia habari ya jua.

Muambie Webby ukweli karamu haijafika. Kama huwezi, nitakuja nimuambie mimi.

Brigitte


Kabuta, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili, 2025

Yaya, Yaya, Yaya!

Nakusalimu kwa meno yote thelathini na mawili, hakuna hata moja linalouma! Mama, Papa, goti, wote walikuwa hapa Jumapili na wote wamerudi wameshiba. Ziwa ni tupu, nyavu zimetundikwa kila mahali hadi kijiji kinafanana na nyumba ya buibui, na bwana yangu atakuwa nyumbani miezi mitatu mizima. Kama iko muke mwenye bahati zaidi kati ya hapa na Mofwe, aje tubishane.

Barua yako ilinifikia tarehe 20 tu. Dorica alikwama Kilwa, mashine ya mutumbwi ilikufa. Nilisoma «hayatadondoka» mara tisa, nikalia kwa raha. Kisha nikasoma «haiwezekani», nikalia kwa namna nyingine. Nilitaka kumuambia Webby. Siku kumi nilifungua mudomo kumuambia, na siku kumi nikauliza kama anataka mboga.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada watu wakaja, zaidi ya sitini, na viti vya kanisa. Mbuzi ameiva. Wamenikalisha kwenye mukeka katikati na kanga mpya. BanaWebby akasimama, akasema kwa Kibemba na mutu akawatafsiria watu wetu: «Wageni wetu walituletea binti na desturi. Miezi sita tumengoja. Waheshimiwa, mukwai, leo tutaona kicheko.» Wote wakanigeukia. Hata watoto. Yaya, niliona nyuso zote zimenielekea kama taa, na mukono wangu ulikuwa umekwisha kupanda.

Hapo Webby akasimama. Akakohoa. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, ili watu wetu wasikie: «Ngojeni. Hata sisi watu wa ziwa tuko na desturi. Siku ya kicheko, bwana anaona wa kwanza, ndani ya nyumba, mulango umefungwa. Wageni wanakula tu. Wageni wakiona, samaki wanakimbia. Ni desturi ya zamani kabisa.»

BanaWebby akamugeukia, mikono kiunoni. «Desturi gani? Mimi nimekuzaa. Baba yako alikuwa wa ziwa hili, babu yako wa ziwa hili. Samaki gani wanakimbia?»

«Wote,» Webby akasema. «Hata chisense.»

«Nani alikufundisha?»

Akatafuta. Nilimuona akitafuta! Jasho linamutoka, mutu mukubwa vile, ameshika kofia kwa mikono miwili. «Bibi,» akasema.

«Bibi yupi? Huyu?» Bibi yake alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti cha mbele kabisa, ameshika mufupa. Akatikisa kichwa: hapana, si mimi.

Nikacheka. Yaya, sikuamua. Kilitoka chenyewe kutoka tumboni, kikubwa, kama siku ile Webby alipoteleza ufukoni na beseni zima la chisense likamuangukia kichwani, mbele hata sijajua jina lake. Nilicheka hadi nikaanguka upande kwenye mukeka, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika mbavu. Ilichukua muda kukumbuka kwamba mudomo uko wazi, na jua liko juu, na watu sitini wanaangalia.

BanaWebby akasogea. Akainama na kuchungulia, kama siku ile kwenye mutumbwi. Akasema:

«Ni haya tu? Miezi sita kwa haya? Niliyaona mwezi wa nane. Leteni bukari ya mihogo, mbuzi anapoa.»

Wakala. Ndiyo yote. Wakala, wakaimba, na binti mumoja akaniuliza kama kwetu meno yote yana mistari au ni ya ukoo wa wakubwa. Nilisema ni ya dawa ya kifua. Alisema «aa», akaongeza nyama.

Jioni nilimuuliza Webby alijua tangu lini kwamba desturi yangu ni ya uongo. Alisema tangu wiki ya kwanza. Aliwahi kumuuliza Dorica, na Dorica akamuambia kwamba kwa Baluba bibi arusi hacheki siku ile moja ya ndoa tu, basi. Nikasema: «Mbona hukusema?» Akasema: «Meno niliyaona siku ya beseni. Yote. Nilifikiri, mutu akiomba miezi sita, iko na sababu. Mimi ninangoja samaki wasioniahidi kitu. Wewe uliniahidi tarehe.» Ni mama yake aliyeleta mbuzi. Yeye alitafuta namna ya kuzuia, na akashindwa hadi dakika ile ya mwisho. Tangu usiku ule ninamuita «desturi ya zamani», naye anakimbia.

Sasa habari zako. Kutu. Nilijua ni wewe, Yaya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mulango wa darasa. Lakini nilijua pia nani aliyenibeba mugongoni wakati wa kukimbia vita kule Pweto, na nani aliyenipa kiatu chake kimoja. Nilikuwa sijui niweke wapi hayo mawili pamoja, ndiyo maana nilinyamaza. Uliposema mwenyewe, muzigo ulishuka, sijui kama ulikuwa wangu au wako. Usikae tena bila kula muchana.

Mwezi wa kwanza tutakuja wote wawili, uvuvi ukiwa bado umefungwa. Muambie Daktari aniangalie, na taa yake na unga wake, polepole, miezi atakayotaka. Mistari ya chini ikibaki, ibaki. Webby anataka kuona yale meno sita. Anauliza lile la mwisho unaliuza bei gani.

Ninaweka picha. Dada yake Webby aliipiga kwa simu, wakatuchapia Nchelenge. Mimi ndiye yule aliyelala kwenye mukeka. Webby haonekani vizuri, alikuwa bado anaeleza.

Mudogo wako anayecheka,
Joëlle